Karatasi ya Watukutu

Jumanne, saa nne ya asubuhi, Blaise aliingia katika kibanda cha polisi wa barabarani bila kupiga hodi, akiwa juu ya pikipiki, na nyuma yake amekaa mama mmoja aliyepakata beseni la samaki wa Nyangwe. Pikipiki ilisimama baada ya kuangusha meza. Samaki hawakusimama. Mmoja wao, mkubwa, mkavu, wa moshi, alitua juu ya kofia ya mkuu wa kibanda, na watu wa barabara ya Kabambare wanaapa mpaka leo kwamba alikaa pale muda wa kutosha mtu kusali Baba Yetu nzima. Mimi sipendi chumvi. Nasema nusu ya Baba Yetu.

Hakuna aliyeumia. Mwenye samaki alichubuka kiwiko, lakini machozi yake yote aliwamwagia samaki. Mkuu alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena kwa sababu hakuwa na nyingine, kisha akauliza kwa nini. Barabara ilikuwa kavu na tupu. Hapakuwa na mbuzi wala lori, na matairi yalikuwa mazima. Blaise, bado yuko chini, macho yameinama, alijibu kwa sauti ndogo kwamba mama mkwe wake alikuwa anapita.

Mkuu akachungulia nje. Kweli, kule mbele mama mmoja mwembamba, bidoni kichwani, dumu la mawese, alikuwa anakwenda zake katikati kabisa ya barabara, polepole, kama mtu anayehesabu hatua.

Wewe unayesoma kutoka mbali utataka maelezo, basi nikupe upesi tuendelee. Kwa ukoo wa mke wake Blaise, watu wa upande wa Wamaza, huko Kabambare, mwanamume hakutani na mama mkwe njiani. Akimwona, anaacha njia, anageuza mgongo, anangoja mpaka apite. Hamtaji jina, hali chakula mbele yake, na akiwa na neno la kumwambia anapitisha kwa mtu wa tatu. Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila walioitunga walikuwa wanatembea kwa miguu. Hakuna aliyewaonya kwamba siku moja mkwe atakuja mbio juu ya magurudumu mawili, na abiria, na samaki.

Mkuu alitaka kujua breki ilikuwa wapi. Blaise alimweleza kwamba amekwisha kujaribu breki. Ukifunga breki, ukasimamisha pikipiki, ukamwomba abiria ashuke, ukatafuta kichaka, mama mkwe amekwisha kufika, na heshima iliyochelewa haihesabiwi. Njia ya hakika ni kuacha barabara papo hapo. Alikuwa ameiacha mara mbili tayari mwaka huu: mara ya kwanza mtaroni, mara ya pili katika shamba la mihogo la katekista. Hii ilikuwa ya tatu, na bahati mbaya kichaka kilichokuwa karibu kilikuwa serikali.

Permi yake ya kuendesha ikaingia kwenye droo ya mkuu, droo ikafungwa kwa ufunguo.

Asma, mke wake, alicheka. Tuseme ukweli, alicheka mpaka akakaa chini penye majivu, akashika tumbo, akamwomba arudie pale pa samaki na kofia. Blaise akarudia. Wakacheka wote wawili, kwa sababu walikuwa watu wa kucheka, na ndiyo sababu mama mmoja Mwislamu wa Kabambare alikubali binti yake aolewe na Mkristo wa Kasongo asiyekuwa na kitu.

Kicheko kiliwaisha alipofika Kasimu. Kasimu ndiye aliyekuwa mwenye pikipiki. Blaise alikuwa mwendeshaji tu. Kasimu hakuja kugomba, alikuja na upole, na upole wa tajiri unaumiza kuliko tusi. Alisema anamhurumia sana ndugu yake Blaise, lakini pikipiki haili huruma. Kama permi haijarudi mpaka Jumamosi, ataikabidhi kwa mwingine, na huyo mwingine yupo, amekwisha kuja kuikagua. Kisha akaomba maji ya kunywa, akayanywa, akashukuru, akaondoka akiisukuma pikipiki mwenyewe.

Jioni hiyo Blaise alisema jambo ambalo Asma hakutaka kulisikia. Alisema kama ni hivyo atapanda Salamabila akachimbe dhahabu. Ndugu yake Asma, mtoto wa pekee wa kiume wa mama yake, alishuka katika shimo la Salamabila na tochi mpya, na kilichorudi nyumbani ni tochi. Asma aliinuka akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Permi inarudi kwa njia moja tu, mkuu alikuwa amesema, na njia hiyo inapita kwa mtu wa asiransi, yaani bima. Mtu huyu aliitwa Nathanaël. Alitoka Kindu kila mwezi, akafungua chumba nyuma ya duka la dawa, akapanga mezani mihuri yake mitatu, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alirudi Kindu na mafaili yake. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni, na aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisilokuwa na fomu yake.

Aliwaeleza Blaise na Asma vizuri, bila dharau. Dereva wa kawaida analipa asiransi yake, anapewa karatasi, anaibandika. Dereva aliyenyang'anywa permi hapewi karatasi mkononi, maana haaminiki. Kampuni yenyewe ndiyo inayoandika hati ya kumdhamini kama mtu wa hatari kubwa, na mjumbe wa kampuni ndiye anayeipeleka kwa polisi kwa mkono wake. Hati inakaa huko miaka miwili. Akichelewa kulipa robo mwaka moja tu, kampuni inapeleka habari, na permi inarudi drooni. Jina la hati hiyo lilikuwa refu, la Kifaransa, mistari miwili. Waendesha pikipiki wa Kasongo waliiita karatasi ya watukutu.

Bei yake ilikuwa mara tatu ya bei ya watu wema. Robo ya kwanza, dola thelathini, inalipwa kwanza. Asma akameza mate. Nathanaël akachomoa kalamu ya pili na kuanza kuuliza chanzo cha ajali, akisoma visanduku vya fomu kimoja kimoja.

"Pombe?"

"Hapana. Sinywake."

"Mwendo mukali?"

"Hapana."

"Usingizi?"

"Saa ine ya asubuhi? Hapana."

"Sasa chanzo ni nini?"

"Heshima," alisema Blaise.

Nathanaël alitafuta heshima katika ukurasa wa kwanza, akageuza, akaitafuta katika wa pili. Alikuta ugonjwa wa moyo, wanyama wa kufugwa, radi. Heshima haikuwemo. Asma akamsimulia yote, na kijana yule, lazima tumsifu, hakucheka hata kidogo. Aliweka kalamu chini, akafikiri kama daktari.

"Ule mama mukwe, iko muzima?"

"Muzima kabisa, Mungu asifiwe."

"Na anatembea?"

"Kila siku ya soko. Kuna siku anapita mara mbili."

Nathanaël akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika pembeni ya fomu: hatari inaendelea. Akawageuzia wasome. Alisema kampuni inaweza kumdhamini mlevi aliyeacha pombe, na msinziaji aliyelala vya kutosha. Lakini haiwezi kumdhamini mtu ambaye chanzo cha ajali zake kinatembea barabarani kikiwa na afya njema. Chanzo lazima kiishe. Aje mama mkwe mwenyewe, mbele yake, aweke sahihi kwamba hatapita tena njia ile saa za kazi, au aseme kwa namna yoyote kwamba hatari imekwisha. Mwisho Ijumaa, saa sita.

Dola thelathini zilipatikana kwa kitenge. Asma alikuwa na kimoja kizuri, cha yadi sita, alichokificha kwa ajili ya arusi ya shangazi yake. Alikipeleka kwa jirani yao Consolée, ambaye siku zote alikisifu. Siku hiyo hakukisifu. Alikikunjua chote, akakiinua kwenye mwanga, akakinusa, akauliza kama hakijaliwa na mende, akasema rangi hii imepita lakini atamsaidia kwa kuwa ni jirani. Alimsaidia kwa dola ishirini na tisa. Jioni ileile alikuwa amekwisha kukivaa, akapita mbele ya mlango wao mara tatu akitafuta kuku ambaye, kwa kadiri ninavyojua mimi, hakupotea. Dola ya thelathini Blaise aliipata kwa kupakua magunia ya mchele kutwa nzima.

Hayo yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa mama.

Mwamvita aliishi pembezoni mwa mji, barabara ya Kabambare, nyumba ya udongo iliyofagiliwa mpaka ikang'aa. Alikuwa mjane. Alinunua mawese kwa wakamuaji wa vijijini, akayauza sokoni kwa chupa. Asma alimkuta anachuja mafuta, akamsaidia, akamweleza ya droo, ya Kasimu, ya kijana wa Kindu. Ya Salamabila hakuyataja. Alijua neno hilo halisemwi katika nyumba ile.

Mwamvita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama binti yake amekuja kumwambia asitembee. Asma akasema hapana mama, ni sahihi tu. Akauliza kama barabara ni ya kijana wa Kindu. Asma akasema hapana. Mwamvita akasema basi hata akiletewa kalamu ya dhahabu haweki sahihi. Mawese hayajiendei sokoni.

Ilibaki njia nyingine, na Asma aliitaja akiwa anatazama kikombe. Mama mkwe anaweza kuiondoa haya hii ya kuepukana kwa hiari yake. Anapokea chakula kidogo kutoka mkononi mwa mkwe, anakila mbele yake, basi, yamekwisha, watakuwa kama mama na mwana. Ni mara moja tu na hairudiwi nyuma. Wengi hufanya mwaka wa tatu wa ndoa, wagumu mwaka wa tano. Asma alikuwa na mwaka wa tisa.

Mwamvita alifunika bidoni. Aliposema hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Tangu baba yenu alikufa, nani ananipisha mu njia? Mutu wa kodi ya soko ananisukuma na kiwiko. Vijana wa pikipiki wananirushia matope, hata pole hawasemi. Mbuzi, mbuzi ya watu, inalala mu njia inaniangalia tu, inangoja mimi nizunguke. Mutu ni mumoja. Nikipita, anaacha njia yake, anaacha abiria wake, anajitupa mu mutaro kwa ajili yangu. Siku ile nilisikia meza ya polisi inaanguka. Nilijua ni yeye. Nilipunguza mwendo, ili watu wote waone ni nani anapita. Sasa munataka nimuachilie? Nitabaki na nini?"

Asma alitoka pale na chupa ya mawese aliyopewa bila kuomba, akalia njia nzima, na katikati ya kulia akacheka, maana alimkumbuka yule mbuzi.

Ijumaa ilifika. Blaise alikuwa mlangoni kwa mtu wa asiransi tangu saa mbili, amevaa shati la kanisani, bahasha ya dola thelathini imeloa jasho. Habari ilikuwa imetangulia, kama kawaida ya Kasongo, na waendesha pikipiki kumi na zaidi walikuwa wamefika kumtia moyo, yaani kuona. Mkuu wa kibanda naye alikuja, akisema anapita tu. Kofia yake ilikuwa imefuliwa, lakini nzi walikuwa hawajasadiki.

Saa tano Mwamvita akatokea, bidoni kichwani. Blaise kumwona tu, akaruka dirishani. Haikuwa mbali, dirisha lilikuwa fupi, ila ndani palikuwa na kiti cha Nathanaël, na Nathanaël amekikalia. Wakainuka wote wawili. Blaise akaona amefanya vibaya zaidi, kwa sababu mama mkwe ndiye anayeingia ndani, akatoka tena kwa dirisha lilelile, akasimama nje, mgongo umeegemea ukuta, uso kwenye jua.

Mwamvita aliketi. Alisema amekuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe, hakuja kuweka sahihi, watu wasichanganye.

Ikawa kazi. Nathanaël alimuuliza Blaise kwa dirisha, Blaise akamjibu Asma, Asma akamwambia mama, mama akamjibu Asma huku akiutazama muhuri, na Nathanaël akaandika, akafuta, akaandika. Waendesha pikipiki nao wakaanza kuleta ushauri kutoka mlangoni. Mmoja alisema mama afungwe kengele, isikike kutoka mbali. Mwingine alisema bidoni lipakwe rangi nyekundu. Wa tatu alisema heri Blaise ndiye avishwe vipande vya ndoo huku na huku ya macho asione pembeni, na mkuu wa kibanda akasema hapana, hilo amelikataza rasmi. Mwamvita alimwambia yule wa kengele kwamba amemzalisha mama yake kwa mikono hii, na angejua mtoto atakuwa na akili hizi angeosha mikono mapema. Chumba kizima kikacheka, hata Nathanaël, mara ya kwanza tangu ahitimu.

Lakini saa sita ilikaribia, na fomu ilikuwa bado inasema hatari inaendelea. Nathanaël alichukua mfuniko wa kalamu. Alisema kwa huzuni ya kweli kwamba yeye analazimika kufunga mafaili.

Mwamvita akamgeukia binti yake. Alimwambia amuulize baba Ismaël, kwa maana hiyo ndiyo namna ya kumtaja Blaise, kwa jina la mtoto wake: kama karatasi ikikataa, atafanya kazi gani. Asma alimtazama mama yake, akatazama sakafu.

"Muulize," alisema Mwamvita tena.

Asma hakuuliza. Basi jibu lilitoka lenyewe, nje ya dirisha, kutoka kwa mtu aliyegeuza mgongo, bila kupita kwa mtu wa tatu.

"Salamabila, Mama."

Hakuna aliyecheka. Mlangoni mtu alikuwa anatafuna muwa, akaacha. Kwa miaka tisa Blaise hakuwahi kumwambia mama huyu neno hata moja, na neno la kwanza likawa hilo. Aliliona mwenyewe baada ya kulisema, akafunga macho, akangoja radi, ile iliyokuwamo katika ukurasa wa pili.

Mwamvita alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alipoongea, sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayepanga bei.

"Asma, mwambie aingie."

Blaise aliingia kwa mlango safari hii, lakini aliingia kinyumenyume, kama adabu inavyotaka, akipapasa kwa mkono, akamkanyaga mkuu wa kibanda, akaomba radhi, akagonga meza kwa makalio, mihuri mitatu ikadondoka. Watu walijizuia mpaka mmoja akapaliwa.

"Mwambie ageuke."

Akageuka. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Na mama huyu, aliyemjua mwanamume huyu kwa kisogo na mabega na namna ya kukimbia, alimtazama usoni bila haraka, kutoka nywele mpaka ndevu, kama anavyokagua mawese ya mtu asiyemjua.

"Kumbe ndio sura," alisema. "Asma, ulisema iko muzuri."

Pale ndipo chumba kilipovunjika kwa kicheko, na Blaise akacheka pia, akaona kwamba mama mkwe ana jino moja la mbele limekaa upande, sawasawa na la Asma. Alitamani kumwambia mtu.

Kisha Mwamvita alinyoosha mkono, kiganja juu. Hakusema kitu. Kila mtu wa Wamaza na Kabambare aliyekuwepo alielewa, na waliobaki wakaelezwa kwa viwiko. Blaise alipapasa mifuko. Mfuko wa kwanza, bahasha. Wa pili, ufunguo wa nyumba. Katika mfuko wa shati alikuta karanga za kukaanga, chakula chake cha mchana, zimebaki kama kumi. Alizimimina katika kiganja chake mwenyewe, akakinyoosha mbele, mbili zikaanguka. Mkuu wa kibanda akaziokota, akampa. Watu wanafanya mema wakati mwingine.

Mwamvita alichukua karanga moja. Moja tu. Akaimenya ngozi yake nyekundu, akaitia mdomoni, akaitafuna muda mrefu kuliko karanga yoyote inavyohitaji, macho yakiwa juu ya mkwe wake. Akameza. Machozi mawili yakamtoka, akayapangusa kwa ncha ya leso, akamgeukia kijana wa Kindu.

"Andika."

Nathanaël alikata maneno yake ya pembeni kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake: hatari imekwisha. Akapokea bahasha, akagonga mihuri yote mitatu, ingawa mmoja ulitosha. Kisha, kwa kuwa sheria ilisema mjumbe wa kampuni apeleke hati kwa mkono wake, aliichukua, akavaa koti, akavuka barabara kwenda kibandani, na Kasongo nzima nyuma yake, na mkuu akalazimika kukimbia atangulie ili awepo ofisini mwake kuipokea. Droo ilifunguliwa kwa ufunguo. Permi ilitoka. Ilikuwa na harufu kidogo ya moshi, Blaise akaibusu hivyohivyo.

Kasimu alileta pikipiki usiku, kabla ya Jumamosi, na upole wake wote.

Jumanne iliyofuata Blaise alikuwa anatoka upande wa soko, bila abiria, anapiga mluzi. Alipofika penye mteremko akamwona mama mkwe. Alikuja kwa mbele, bidoni kichwani, katikati ya barabara. Mikono yake Blaise ilitaka kuvuta kushoto kwa nguvu, kule kwenye majani, ilitaka kabisa. Aliibana. Alinyoosha usukani, akapunguza mwendo, akabaki barabarani kama karatasi ilivyotaka.

Na Mwamvita akamwona naye. Akasita. Halafu akafanya wanachofanya wajane wote wenye bidoni wanaposikia pikipiki. Alisogea pembeni, miguu katika majani yenye umande, akasimama kumpisha.

Blaise alimpita. Alisema "Jambo, Mama," naye akaitikia "Jambo, mwanangu," na lilikuwa neno jipya, zuri, lakini alilisikia akiwa amekwisha kupita, na vumbi lake likiwa limekwisha kumfika mama kifuani. Alikwenda mita hamsini hivi. Moyo ulimuuma waziwazi, kama jino. Mluzi haukurudi. Akafunga breki, akageuza.

"Mama, panda."

"Bei gani?"

"Mama."

"Nimeuliza bei. Mimi si mwizi."

"Chupa moja ya mawese. Kwa mwezi."

Mwamvita alipiga hesabu, akaona anaonewa kidogo, akakubali. Blaise aliteremka, akamtua bidoni, akalishika, pikipiki ikiwa imesimama wima, mpaka mama akakaa, upande, magoti pamoja, kama watu wanavyokaa kanisani na msikitini. Alipompa bidoni apakate, naye akapanda mbele, mama alitafuta pa kushika, akasita mara ya mwisho, kisha mkono wake ukashika mkanda wa mkwe.

Waliondoka kuelekea sokoni. Saa hiyo barabara ilikuwa imejaa: akina mama na mabeseni, mikokoteni, mtu wa kodi ya soko na daftari lake, mbuzi watatu katikati kabisa. Mwamvita aliwatazama juu ya bega la Blaise.

"Baba Ismaël," alisema, "hii pikipiki haina honi?"

"Iko nayo, Mama."

"Inalia?"

"Inalia sana."

"Basi piga."

Blaise akapiga. Mikokoteni ikavutwa pembeni. Akina mama wakasogea wakicheka. Mtu wa kodi aliruka mtaroni na daftari lake. Mbuzi walifikiri kwanza, halafu wakaondoka.

"Tena," alisema Mwamvita.